Samaki wa kupaka wa Bi Mkubwa, Deep Sea Tanga: sahani na mpishi wake

Haya wapenzi watazamaji, karibuni. Leo tuko Tanga mjini, upande wa Deep Sea, pale vyombo vinaposhusha samaki, na tunachokichambua ni sahani moja: changu wa kupaka kwa wali wa nazi. Siku hii tunayorekodi, sahani ni shilingi 8,000, samaki mzima. Hakuna bei iliyobandikwa ukutani. Bei inatoka mnadani asubuhi na inafuata ukubwa wa samaki, kwa hiyo ukija wiki ijayo ukatajiwa nyingine, usishangae.

Mwenye mgahawa ndiye mpishi. Ni mtu mzima, ana wajukuu, na ameniomba mawili: jina lake nisilitaje, na kamera isipande juu ya mabega. Basi mtaona mikono tu. Wateja wanamwita Bi Mkubwa, nami nitamwita hivyohivyo. Nitaeleza habari zake kwa kirefu kuliko kawaida ya video zangu, kwa sababu utamu wa sahani hii umeshaamuliwa kabla jiko halijawashwa, na aliyeuamua ni yeye.

Hebu sogeza kamera hapa. Mnaona ngozi? Imeshika rangi, pembeni ina weusi kidogo, lakini haijaungua. Nikiichambua nyama kwa vidole inatoka mapande mapande, nyeupe, na maji yake bado yamo. Mahali pengi ukiagiza samaki wa kupaka unaletewa samaki aliyekwisha kukauka, kamwagiwa mchuzi juu. Hapa tui limeingia. Limeingia kwenye mikato, likashika ngozi, moto ukalivuta mpaka huwezi kusema samaki anaishia wapi na nazi inaanzia wapi. Unaanza kuja ukwaju, inafuata nazi, halafu pilipili inakuja nyuma taratibu. Nimemaliza upande mmoja kabla sijagusa wali.

Moto wake ni wa vifuu vya nazi. Vifuu vinatoa makaa makali, na moshi wake si mwingi. Na kwa kuwa jikoni kwake nazi zinakunwa kila siku, vifuu haviishi. Samaki anachanjwa, anapakwa ndimu, chumvi, kitunguu saumu na tangawizi, anaachwa ashike. Kisha anachomwa mkavu, bila tui, mpaka abakize kidogo kuiva. Pembeni tui zito liko kwenye sufuria pamoja na ukwaju, bizari na pilipili, linapungua polepole. Tazameni mkono wa kulia: hauachi upawa. Analichota na kulimwaga, analichota na kulimwaga, maana ukiligeuzia mgongo tui linakatika, na likishakatika hulirudishi. Brashi yake ni kipande cha kumbi la nazi kilichopondwa ncha mpaka nyuzi zikatoka. Anapaka, anageuza, anapaka tena, na anarudia hivyo mara nyingi kuliko mpishi yeyote niliyewahi kumtazama pwani hii. Wengi huchoka mapema. Yeye hachoki, na tofauti iko mdomoni.

Nazi inakunwa kwa mbuzi, inachujwa kwa kifumbu. Nimemuuliza kwa nini asitumie mashine, akanijibu kwamba mashine inakata nazi pamoja na ile ngozi yake ya kahawia, tui linatoka na uchungu. Nimeonja yote mawili siku hiyohiyo, la mashine kutoka kwa jirani na lake. Yuko sahihi.

Sasa mikono hii imejifunza wapi? Bi Mkubwa amezaliwa kusini mwa mji, upande wa Tongoni, kwenye yale magofu ya msikiti na makaburi ya kale. Baba yake alikuwa mvuvi wa ngalawa, mama yake akikaanga vibua. Alipoolewa akahamia Ngamiani, na huko ndiko alikoingia jikoni hasa: jiko la shughuli. Aliyekulia Tanga anajua ninachokisema. Kukiwa na harusi, uani kunawekwa mafiga, masufuria makubwa, kuni, na kina mama wa mtaa wanagawana kazi. Mkuu wa jiko ni mwanamke mmoja, na hakuna anayebishana naye. Bi Mkubwa aliingia kama mmenya saumu na mchagua mchele, na akakaa hapohapo muda mrefu kabla hajakabidhiwa mwiko. Nadhani subira ile ya upawa imetoka kwenye masufuria yale, kwa sababu tui la watu mia likikatika, aibu ni ya ukoo mzima.

Biashara aliianza na karai moja hapa Deep Sea, vibua vya kukaanga, vya mafungu. Na hapa lazima nieleze mnada, kwa sababu wengi tunakula samaki hatujui wanavyonunuliwa. Mnada hauna huruma. Mwenye fedha taslimu anaondoka na chewa, kolekole, nguru. Mwenye mtaji mdogo anabakiziwa dagaa na vibua, na kina mama wengi wamo kwenye kundi hilo la pili. Si kwamba hawajui samaki. Wanawajua sana. Fedha ndiyo inayowapanga foleni.

Yeye alitoka humo kwa upatu. Alicheza na wenzake wa mtaani, na zamu yake ilipofika fedha yote akaiingiza kwenye samaki wakubwa na jokofu la kununua mkononi. Baada ya hapo manahodha wakaanza kumpa mali kauli: anachukua samaki asubuhi, anapika, anauza, jioni analipa. Nimewauliza wavuvi wawili waliokuwa wakitengeneza nyavu pale ufukweni kama ni kweli, maana mwenye biashara kila mtu anajisifu. Wote wamesema neno moja, kwamba huyu mama hajawahi kulilaza deni la mvuvi. Ndiyo maana samaki bora wakishuka wanamfikia yeye hata siku ambayo mfukoni hana kitu. Mkishangaa changu wake wako vipi namna hii, jibu ni hilo.

Kuna jambo jingine lililonifanya nimheshimu zaidi, na nataka mlisikilize vizuri. Tanga iliteswa na uvuvi wa mabomu kwa miongo mingi. Chupa yenye baruti inarushwa majini, samaki wakubwa kwa wadogo wanakufa pamoja, na matumbawe wanayoishi yanabomoka, ambayo kukua kwake ni kwa miaka na miaka. Mwaka 2009 ikatangazwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, yenye visiwa vya Yambe na Karange ndani yake, ikapewa jina la yule samaki wa kale ambaye wataalamu walidhani ameshatoweka duniani mpaka alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938, na ambaye miaka ya 2000 wavuvi wetu hapa walianza kumnasa kwenye majarife. Hata hivyo milipuko iliendelea. Ni operesheni za pamoja za vyombo vya serikali, katikati ya miaka ya 2010, zilizoipunguza sana.

Miaka ile samaki wa bomu alikuwa rahisi na alikuwa tele. Mwenye mgahawa mdogo angeweza kujaza jokofu kwa bei ya kutupa. Bi Mkubwa hakumnunua. Hakuwa ofisa wa hifadhi, hakuna aliyemlipa. Alisema tu samaki yule hafai, na kwamba ukimnunua leo unalipia kesho usipate samaki kabisa. Kuna siku alipika maharage kwa nazi wiki nzima kwa sababu mnadani hakuona anayemridhisha. Wateja walimkimbia, baadaye wakarudi.

Nimemwomba atuonyeshe anavyomtambua. Huyu hapa ni mzuri. Macho yamejaa na yanang'aa, matamvua mekundu, ukibonyeza nyama inarudi. Wengi tunaishia hapo. Yeye anaendelea: anampapasa uti wa mgongo kwa kidole gumba, kutoka kichwani mpaka mkiani. Samaki wa bomu mara nyingi uti umevunjika ndani ilhali ngozi ni nzima, anapinda mahali asipopaswa kupinda. Akipasuliwa, damu imevilia kando ya mfupa, na kile kifuko cha hewa tumboni kimepasuka. Nyama yake inalegea mapema na inaoza mapema. Jifunzeni hili, jamani. Hata kama hamtafika Tanga, mnanunua samaki huko mliko.

Nirudi kwenye sahani, maana mnataka kujua mengine ya kuagiza. Jibu langu ni kwamba hapa usije na agizo kichwani. Uliza kuna nini. Chakula chake kinafuata maji. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji yanatoka mbali na watu wanaingia mwambani; hizo ndizo siku za pweza. Anachukua wakubwa peke yake. Sheria yetu inakataza pweza wa chini ya gramu 500, lakini yeye hata wa gramu 600 anamkunja uso, kwa hoja ambayo sijaisikia kwa mpishi mwingine: pweza jike hutaga mara moja tu maishani, anayalinda mayai yake mpaka yaanguliwe, anakufa. Ukimchukua kabla hajataga umechukua na wanawe. Pweza wake wa nazi ni laini, kachemshwa kwa maji yake mwenyewe kabla ya kitu chochote, chumvi ikaja mwisho. Mimi nampa alama moja na changu, na kuna watu wa hapa watakaogombana nami wakisema pweza ndiye mkubwa.

Kusi, ule upepo wa kutoka kusini, likichafua bahari, hasa Juni mpaka Agosti, vyombo vidogo vingi havitoki. Ukija miezi hiyo ukidai changu utakuwa unamsumbua bure. Agiza mchuzi wa papa mkavu kwa bada. Kwa mtazamaji wa bara, bada ni ugali wa muhogo, na mchuzi wa papa una harufu inayowashinda wengine mlangoni. Vumilia uonje. Papa anarowekwa, anasuguliwa mchanga wote utoke, anapikwa kwa tui jepesi kwanza halafu zito, na bilinganya na embe bichi ikiwepo. Kwangu hiki ndicho chakula kinachomwonyesha mpishi kuliko changu mbichi, kwa sababu samaki mzuri anakubeba, papa mkavu unambeba wewe.

Sasa yale nisiyoyapenda, maana uchambuzi bila hayo ni tangazo. Kachumbari ni ya haraka haraka, nyanya zimekatwa nene, chumvi haijakolea. Mgahawa wa kiwango hiki unastahili bora. Chipsi zilizoongezwa kwenye orodha siku hizi ni za kuwaridhisha vijana na wageni wa kazini, hasa tangu ulipoanza mradi wa bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima kuja Chongoleani. Naelewa biashara, lakini mafuta yale hayana hadhi ya jiko hili. Kungoja ni kurefu: changu wa kupaka hachukui chini ya nusu saa, na ukija saa saba mchana utasimama. Na wali ukiisha umeisha. Hapiki wa pili, utapewa mkate. Usiku taa za nje ni hafifu, mwiba huuoni vizuri, kwa hiyo mwenye watoto aje mchana.

Jambo moja linanitia wasiwasi, na nimemwambia yeye mwenyewe nalisema hapa kwa heshima zote. Magoti yanamsumbua. Mnadani siku hizi anakwenda binti yake, na binti anajua samaki, nimemwona akipapasa uti vilevile. Vijana waliopita jikoni hapa wengine wana mabanda yao sasa, upande wa Sahare na Raskazone, na nimekula kwao. Ni wazuri. Lakini wote wanaacha upawa mapema, na wote wanapaka mara chache. Nimewauliza, wanasema wateja hawana muda. Basi na sisi wateja tuwe na muda, kwa sababu binti naye atapika kwa mwendo tunaomlazimisha. Ukikaa pale mezani ukaanza kugonga sahani baada ya dakika kumi, unamfundisha kukatisha.

Ya kufungashia: tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Juni 1, 2019, yeye anafungia kwa jani la mgomba ndani ya karatasi, au uje na chombo chako. Njoo na chombo, mchuzi unavuja.

Kupata mahali si kazi. Ukishafika Deep Sea muulize muuza samaki yeyote, sema unamtafuta mama wa samaki wa kupaka. Ukiingia msalimie kwanza, shikamoo yake ni muhimu kuliko agizo lako. Ijumaa anafungua baada ya sala. Ramadhani anafungua jioni tu, na kuna futari ya muhogo wa nazi na samaki wa kukaanga ambayo lazima uiwahi kabla ya magharibi, la sivyo utakuta masinia matupu. Alama zangu: changu wa kupaka 9 kati ya 10, pweza wa nazi 9, papa kwa bada 10, kachumbari 4. Bamvua lijalo narudi kumrekodi pweza kuanzia mwambani mpaka sahanini, na Bi Mkubwa ameshakubali, kwa sharti lilelile la mabega. Mwenye swali la kumuuliza aliandike chini hapo, nitampelekea.