Meli za doria: tununue nje ama tujenge Mtongwe (Mombasa) na Kisumu?

Wasee, ukinunua nje kizuri ni kwamba unapata yadi ya kujenga meli iliyozoea kazi, injinia wamebobea, meli inashuka majini ikiwa imejaribiwa. MV Doria ya Kosti Gadi ilijengwa Bangladesh, ikafika na ikaanza kazi. Lakini kumbukeni KNS Jasiri, meli ya jeshi letu la wanamaji (KNS ni Kenya Navy Ship), hiyo ilijengwa Spain, kontrakti ya 2003, ikaisha huko 2005, halafu mambo ya kontrakti yakaingia ikakaa imefungwa gatini miaka na miaka hadi 2012 ndo ikafika Mombasa, na bahari yetu yote hiyo ikingoja meli ambayo ishajengwa!

Na sio kujenga tu, kuna ripea. KNS Nyayo na Umoja zilienda mpaka Italia kufanyiwa matengenezo, yaani meli inavuka bahari ndo ikwanguliwe kutu na makombe yaliyoganda chini. Sasa Kenya Shipyards Limited, kampuni ya serikali chini ya wizara ya ulinzi, iko na mteremko wa kupandisha meli pale Mtongwe, na KNS Shupavu ilifanyiwa ripea hapohapo.

Kisumu nako wameunga MV Uhuru II wakishirikiana na Damen, kampuni ya kujenga meli ya Uholanzi. Hiyo ni ya mizigo, ndio, sio ya kivita, na injini bado tunaagiza, lakini kijana aliyechomelea bamba la chuma ubavuni mwa ile meli kesho atachomelea la doria. Mi naenda na ya nyumbani, tuanze na boti ndogo za Kosti Gadi kwanza.