Menyu kunjuzi: CSS tupu au Floating UI?
Menyu imetulia kwenye Chrome, ukifungua Safari imehamia pembeni. Mara nyingi kivinjari husingiziwa tu: kwenye CSS (lugha ya mwonekano wa ukurasa) umeandika `position: absolute` bila `top` wala `left`. Kipe kipengele kinachoibeba `position: relative`, kisha menyu yenyewe `top: 100%` na `left: 0`. Kesi nyingi huishia hapo.

Kwa wepesi, CSS haina mpinzani: hakuna faili la ziada la kupakua wala toleo la kusasisha. Njia hii hukwama ukingoni mwa skrini, au kipengele hicho kikiwa na `overflow: hidden`. Hapo menyu hukatwa, na `z-index: 9999`, namba ya kuinua kipengele juu ya vingine (tunaipenda sana hii), haifui dafu.

Floating UI, maktaba ya JavaScript iliyomrithi mwenzake Popper, hupima nafasi na huweza kuipindua menyu ielekee juu iwapo upande wa chini umebana. Ukiihamishia menyu kwenye `body`, nje ya kipengele kinachoikata, haikatwi. Ila unabeba JavaScript zaidi, na matoleo ya kufuatilia.

Menyu chache za kichwa cha tovuti? CSS yatosha. Jedwali refu linalosogezwa, kila mstari na menyu yake? Chukua maktaba.