Kuzunguka Annapurna: Oktoba au Aprili?

Safari ya miguu ya kuzunguka milima ya Annapurna, Nepal, huamuliwa na sehemu moja: Thorong La, njia ya juu kabisa, mita 5,416 kutoka usawa wa bahari. Chagua mwezi kwa kuifikiria hiyo kwanza.

Oktoba huja mara tu mvua za monsuni zinapokatika. Mvua hizo huwa zimeosha vumbi lote hewani, kwa hiyo kilele kilicho mbali hukiona mpaka mikunjo ya barafu yake. Kwa mandhari, Aprili haifui dafu. Tatizo ni watu. Nyumba za wageni karibu na Thorong La hujaa mapema, na anayefika jioni anaweza kujikuta akitandikiwa kwenye ukumbi wa kulia.

Aprili ina joto zaidi, siku ndefu, na misitu ya rododendroni iliyowaka maua mekundu. Lakini vumbi na moshi hutia anga ukungu, na mawingu hupanda mchana.

Wengi huamini Oktoba haina hatari. Si kweli: Oktoba 2014, mabaki ya kimbunga Hudhud kutoka Ghuba ya Bengal yalimwaga theluji huko, na watu zaidi ya 40 wakafa katika eneo hilo.

Mimi ningekwenda mwishoni mwa Oktoba, nikiwa na siku mbili tatu za akiba. Asiyestahimili baridi, au msongamano, aende Aprili na avuke Thorong La alfajiri, kabla upepo haujachachamaa.