Kuvua bass Naivasha: nini ununue kwanza, nini kisubiri

Bass mwenye mdomo mkubwa si samaki mwenyeji wa ziwa Naivasha, Kenya. Aliletwa kutoka Marekani mwishoni mwa miaka ya 1920, akayazoea maji ya Bonde la Ufa. Mwaka 1970 wakaletwa kamba wekundu wa Louisiana (crayfish), naye akapata chakula cha kwao. Ni samaki wa kuvizia. Hutulia kivulini chini ya mafunjo au pembeni mwa gugu maji, na kitu kikipita karibu hukimeza kwa pupa. Anayemtafuta katikati ya ziwa, kwenye maji yasiyo na majani, atarudi na njaa.

Tabia hiyo ndiyo inayofaa kuamua pesa zako ziende wapi. Video nyingi za kuvua bass zimepigwa Marekani, na vifaa vinavyosifiwa humo ni vya maziwa ya huko. Naivasha iko karibu mita 1,890 juu ya usawa wa bahari, kingo zake zimesongwa na majani, viboko wamejaa, na mchana upepo huamka ghafla. Kwa hiyo mimi hupanga manunuzi hivi: jaketi la kuokoa maisha, kisha mshipi na ndoano, kisha chambo bandia, kisha fimbo na rili, kisha nguo. Boti ndiyo ya mwisho kabisa, na wengi hawahitaji kuinunua.

Jaketi kwanza

Najua hakuna anayeingia dukani akiwa na hamu ya kununua jaketi. Nunua hata hivyo, lako mwenyewe, linalokutosha kifuani. Boti nyingi za kukodi zina majaketi, lakini mengi yamechakaa, vifungo vimekatika, au yote ni ya saizi moja.

Soma kibandiko cha ndani. Kikiandikwa 50N (N ni nyutoni, kipimo cha nguvu ya kukuelesha), hicho ni kisaidizi cha mtu anayejua kuogelea, tena karibu na ufuo. Mtu mzima atafute 100N kwenda juu, lenye kola nene ya kushikilia kichwa, kwa sababu hilo limeundwa kukugeuza uso uelekee juu hata ukiwa umezimia. Livae, funga kila kifungo, kisha mwambie mwenzako ashike mabega ya jaketi alivute juu kwa nguvu. Likikufikia masikioni, ni kubwa, lirudishe. Bonyeza pia sponji ya ndani: ikikauka ikawa ngumu au ikavunjika kama biskuti, jaketi hilo limekwisha, hata kama rangi bado inang'aa.

Mshipi na ndoano

Hapa ndipo samaki wengi hupotea, na ndipo watu hubania pesa kuliko popote. Chaguo langu la kwanza kwa anayeanza ni nailoni ya kawaida yenye nguvu ya pauni 12. Inavutika kidogo bass anaporuka na kutikisa kichwa, mafundo yake hayana shida, na ikiharibika hulii. Ya pili ni mshipi wa kusokotwa wa pauni 30. Huo hauvutiki, na unakata mashina ya magugu badala ya kukwama. Ukiuchagua, tumia fundo la palomar, lile ambalo mshipi hupitishwa tunduni ukiwa umekunjwa mara mbili, maana mafundo mengine huteleza juu yake. Florokaboni naiweka ya tatu. Haionekani sana majini, lakini bei yake ni ya juu, na kwenye maji yenye matope faida hiyo ni ndogo.

Waya wa chuma usinunue. Bass hana meno ya kukata. Mdomo wake ni kama msasa. Wauzaji waliozoea wateja wa samaki wa baharini watakushauri uchukue, lakini hapa unakuongezea uzito tu.

Ndoano ziwe zile zenye kiwiko karibu na tundu, saizi 3/0, ambazo ncha yake hufichwa ndani ya mwili wa mnyoo wa mpira. Kabla ya kulipa, iburute ncha taratibu juu ya ukucha wa kidole gumba. Ikikwaruza na kushika, ni kali. Ikiteleza, waachie wenyewe.

Chambo bandia, kwa mpangilio wangu

Namba moja, bila kusita, ni mnyoo laini wa mpira wa inchi 5, uliofungwa na ncha ya ndoano imezama mwilini mwake, na chubwi ndogo yenye umbo la risasi, gramu 4 hadi 7, ikiteleza mbele yake. Unaurusha ndani kabisa ya mafunjo, unaacha uzame, unauinua kidogo, unaacha tena. Haukwami. Mara nyingi bass huuchukua unapozama, na utakachoona ni mshipi kusogea pembeni tu. Nunua pakiti mbili: moja ya kijani kibichi kilichofifia, nyingine nyeusi au zambarau kwa asubuhi yenye mawingu.

Namba mbili ni chambo cha mpira chenye umbo la yule kamba wa Louisiana, rangi ya kahawia na wekundu. Sababu nimeshaitaja: ndicho chakula chake.

Namba tatu ni chura wa mpira aliye mtupu ndani, wa kuburuta juu ya majani yaliyoelea. Ukiwa na bahati utaona majani yakipasuka na samaki akitoka chini yake. Subiri usikie uzito mkononi ndipo uvute. Ukivuta kwa mshtuko utamnyang'anya.

Vijiko vya kung'aa vinavyozunguka naviweka namba nne. Vinafaa kwenye uwazi kati ya mafunjo asubuhi kukiwa na mawimbi madogo. Samaki wa plastiki wenye ndoano tatu tatu huja mwisho kabisa. Ni wazuri kwa macho, lakini mitupo michache tu inatosha kukiacha kimoja kwenye mashina, na pesa zako zimebaki huko.

Fimbo na rili

Nunua fimbo ya futi 6 na nusu hadi 7, ya ugumu wa kati, pamoja na rili ya spini, ile inayoning'inia chini ya fimbo, saizi 2500 au 3000. Hiyo ndiyo namba moja kwa karibu kila mtu. Rili ya ngoma, ile inayokaa juu ya fimbo, ina nguvu zaidi ya kumng'oa samaki kwenye magugu, lakini inahitaji kidole gumba kilichofunzwa. Usipojua, mshipi hujisokota na kuwa kiota. Ngoja mpaka mkono uzoee. Fimbo ya kuchomoa inayokunjika ikaingia kwenye mkoba ni ya mwisho. Inabebeka kwenye matatu, ndiyo, lakini viungo vyake hulegea na ncha huvunjika haraka.

Kama ni ya mtumba, pitisha kipande cha pamba ndani ya kila pete ya fimbo. Pamba ikiacha nyuzi, pete hiyo ina ufa na itakula mshipi wako. Kwenye rili, zungusha mpini polepole ukiwa umeiweka sikioni: mkwaruzo ni dalili ya mchanga au meno yaliyolika. Kisha kaza breki nusu, vuta mshipi kwa mkono. Utoke kwa mwendo mmoja laini. Ukitoka kwa kushtuka-shtuka, bass mkubwa ataukata.

Ukiwa na shilingi 10,000 za fimbo, rili, mshipi na chambo, weka zaidi ya nusu kwenye rili na fimbo, zinazobaki zigawe kwa mshipi mzuri na pakiti tatu za chambo. Sanduku kubwa la vifaa halina haraka.

Nguo

Gikomba, soko la mitumba la Nairobi, inatosha. Tafuta shati jepesi la mikono mirefu, la kitambaa kinachokauka upesi, rangi ya kijani, kijivu au ya mchanga. Jua la ikweta kwenye mwinuko ule huchoma hata kukiwa na mawingu, na maji hulirudisha usoni. Kofia iwe na ukingo pande zote, na kamba ya kidevuni. Alfajiri kuna baridi kweli, hivyo chukua sweta na koti la mvua lisilopitisha upepo.

Kitu kimoja cha kununua kipya ni miwani inayokata mng'ao wa maji. Kuijaribu dukani ni rahisi: shika jozi mbili za aina hiyo, weka lenzi moja mbele ya nyingine, kisha geuza moja iwe wima. Zikiwa za kweli, mahali zinapopishana huwa giza. Zitakusaidia kuona vigogo na magugu chini ya maji, na kukinga jicho lisichomwe na ndoano ya jirani.

Miguuni vaa raba au ndala zenye mikanda. Gambuti uziache nyumbani: zikijaa maji ni nzito, na hakuna sababu ya kuingia majini kwa miguu katika ziwa lenye viboko.

Boti

Namba moja ni kukodi, pamoja na nahodha wa hapo. Kwenye fuo za kutua boti kama Kamere na Karagita utapata watu wanaojua kiboko gani ana mtoto na njia ipi wanyama hao hupita kurudi majini asubuhi. Ujuzi huo hauuzwi dukani. Patana bei kabla ya kupanda, ulizia leseni ya uvuvi na kama ziwa liko wazi kwa msimu huo, na kubalianeni kurudi kabla ya upepo wa mchana.

Namba mbili, kwa wanaokwenda kila wiki wakiwa watatu au wanne wa kuchangia, ni boti ya fibaglasi ya futi 14 hadi 16 yenye tumbo pana na injini ya nguvu farasi 15. Kabla ya kununua injini iliyotumika, iwashe ndani ya pipa la maji: kijito cha maji ya kupoza lazima kitoke nyuma bila kukatika. Vuta kamba ya usalama uone kama inazima papo hapo. Gonga sakafu ya boti kwa vifundo vya vidole kila mahali. Panapolia butu pamelowa maji ndani.

Namba tatu ni boti ya alumini yenye tumbo bapa. Ni nyepesi na hubebwa na gari dogo, inafaa sana kwa mabwawa ya mashambani. Ziwani, mawimbi huipiga kwa nguvu na kila kishindo huwafukuza samaki.

Usidhani mashine kubwa huleta samaki mkubwa. Rekodi ya dunia, pauni 22 na aunsi 4, karibu kilo 10, iliwekwa Georgia mwaka 1932 na George Perry, kijana mkulima aliyevua kutoka kwenye kidau cha mbao cha kujitengenezea. Mwaka 2009 Manabu Kurita aliifikia kwenye ziwa Biwa, Japani.

Kayaki na maboya ya kukalia sizipi namba yoyote kwa Naivasha. Kwenye bwawa lisilo na viboko, kayaki ni chombo kizuri na cha bei nafuu. Naivasha unakuwa umekaa usawa wa maji, polepole, kando ya mafunjo yale yale ambamo kiboko amelala, na kasia haliwezi kukutoa hapo kwa wakati.