Huawei E5573 kwenye nyumba za mawe za Lamu

Kwa nyumba ya vyumba viwili vitatu pale Mkomani, ruta hii ndogo ya 4G inatosha, mradi ijulikane mahali pa kuiweka. Kuta za matumbawe za Lamu ni nene, hufika nusu mita, na ndizo zinazomeza mawimbi. Ukiiacha chumba cha ndani utalaumu bando bure.

Kabla ya kuiweka, pima kwa simu ya Android yenye laini ya kampuni ileile: fungua mipangilio, kuhusu simu, kisha hali ya laini. Pakisoma -90 dBm (kipimo cha nguvu ya mawimbi) ni pazuri. -110 pabaya, hama. Mara nyingi pazuri ni dirisha la ghorofa ya juu, au darini chini ya makuti. Jua lisiifikie: joto hufurisha betri, na betri iliyofura haichajiwi tena, inabadilishwa.

Betri ni ya 1500 mAh, ndogo mno kwa siku ya kazi, kwa hivyo hesabu pawabenki kuwa sehemu ya bei. Laini ikisomeka lakini intaneti haiji, ingia 192.168.8.1 kwenye kivinjari ukague APN, jina la njia ya intaneti ya kampuni ya laini; kwa Safaricom andika safaricom. Hapohapo badilisha nywila ya kiwandani, jirani wasikumalizie data.

Chumvi ya baharini hula tundu la chaji. Libandike kifuniko cha mpira, na usichomeke waya wenye unyevu. Kwa bei ya mtumba, inafaa kabisa.