Mashine ya Kukimbilia ya Kukunja: Ipi Itadumu Katika Nyumba ya Dodoma?

Mkazi wa Dodoma anaweza kukimbia barabarani alfajiri bila kulipa hata shilingi moja, na kwa miezi mingi ya mwaka hali ya hewa inamruhusu, hivyo anayenunua mashine ya kukimbilia huwa na sababu yake. Wapo wanaorudi kutoka Mji wa Serikali wa Mtumba giza likiwa limeshaingia, wapo walioshauriwa na daktari kutembea kila siku kwa sababu ya kisukari au shinikizo la damu, na wapo ambao vifua vyao havivumilii vumbi la kiangazi. Wengi wao wanaishi katika nyumba za kupanga za Ilazo, Kisasa au Nzuguni, ambako sebule ndiyo chumba pekee chenye nafasi ya kutosha, na mashine isiyokunjwa ingewafukuza wageni. Ninazipanga hapa aina nne kwa kigezo kikuu kimoja: uwezo wa kustahimili miaka kadhaa ya vumbi, ukavu wa hewa na umeme unaokatika na kurudi ghafla.

Ninayoiweka ya kwanza ni mashine ya umeme yenye fremu nzito, ambayo ubao wake wa kukimbilia hunyanyuliwa na kushushwa taratibu kwa msaada wa springi ya gesi. Uzito wa mashine yenyewe ni dalili ambayo muuzaji hawezi kuipamba. Mashine ya kilo 30 inayodaiwa kubeba mtu wa kilo 120 itayumba mara mtu huyo atakapoanza kukimbia, na bolti zitaanza kulegea. Yenye kilo 60 au zaidi hutulia sakafuni. Chagua ambayo kikomo chake cha uzito kinazidi uzito wako kwa kilo 20 hivi, na kama unakusudia kukimbia, usikubali mkanda wenye urefu chini ya sentimita 120 au upana chini ya sentimita 42, kwani hatua ya mkimbiaji ni ndefu kuliko anavyodhani akiwa amesimama dukani.

Mota ndiyo inayowadanganya wengi, nami nilikuwa mmoja wao. Mashine yangu ya kwanza niliinunua kwa kuvutiwa na kioo chake kikubwa na spika zake, na kwa kuwa boksi lilikuwa na maandishi ya nguvu za farasi 4. Umeme uliporudi kwa kishindo jioni moja, bodi ya saketi inayoongoza mota iliungua, na fundi alipofungua mfuniko ndipo niliposoma bati la mota kwa mara ya kwanza: wati 735, yaani farasi mmoja tu, tena aliyefunikwa na vumbi laini kama unga. Tarakimu ya kwenye boksi mara nyingi ni nguvu ya kilele, inayofikiwa kwa muda mfupi sana. Unachotakiwa kuuliza ni nguvu ya kudumu, ukikumbuka kwamba nguvu moja ya farasi ni takribani wati 746. Kwa kutembea, farasi mmoja na nusu wanatosha. Kwa kukimbia, tafuta wawili au zaidi.

Hakikisha pia bati linaonyesha volti 220 hadi 240 na hezi 50, kwa kuwa mashine zilizotengenezwa kwa matumizi ya Marekani hutumia volti 110 hadi 120, na transfoma ya kuzihudumia ni gharama na usumbufu usio na sababu. Gharama ya LUKU si ya kuogopesha: mashine inayotumia wastani wa wati 500, ikiendeshwa nusu saa kila siku, hula karibu uniti saba na nusu kwa mwezi. Hata hivyo, aliye katika daraja la wateja wadogo wasiotakiwa kuzidi uniti 75 kwa mwezi apige hesabu yake kabla ya kununua.

Ya pili ni mashine bapa ya kutembelea, isiyo na mishikio mirefu, inayosukumwa chini ya kitanda baada ya matumizi. Nyingi hufikia kilomita 6 kwa saa tu, na kwa mtu mzima aliyeambiwa atembee dakika 150 kwa wiki, hilo halimpunguzii kitu. Kasoro yake ni kwamba mota iko karibu sana na sakafu, mahali ambapo vumbi hutua, na mzee asiye na uhakika wa miguu yake hana pa kushika.

Nafasi ya tatu naipa mashine kubwa iliyotumika (mtumba, ingawa wenzangu wa Mtumba hawatapenda jina lao litumike hivi). Ni imara, lakini nyingi hazikunjwi, na ukinunua bila kuinua mkanda kuangalia kama ubao umelika, utakuwa umenunua tatizo la mwenzako. Ya mwisho ni ile isiyotumia umeme, ambayo mtu huuzungusha mkanda kwa miguu yake mwenyewe. Haiungui, ni kweli, ila zile nyepesi za kukunja ni nzito kuzungusha, zina mkanda mfupi, na humfanya mtu ainame kwa kushikilia mbele. Nimeziona nyingi zikigeuzwa kuwa kamba ya kuanikia nguo.

Mashine yoyote ya umeme utakayochagua, ichomeke moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani yenye waya wa athi, bila kutumia ekstensheni nyembamba, na uichomoe baada ya kila zoezi. Athi ina umuhimu wa pekee hapa, kwa kuwa katika hewa kavu mkanda huzalisha umeme tuli unaochoma vidole ukigusa chuma. Usiiweke barazani. Mafuta ya kulainisha chini ya mkanda yawe ya silikoni. Mafuta ya kupikia au ya injini huuharibu mkanda na kunasa vumbi.

Dukani, tembea juu yake dakika kumi, uikunje na kuikunjua mara tatu, kisha uliza mambo mawili: kama mkanda na bodi za akiba zinapatikana, na kama waranti inahudumiwa Dodoma au itakulazimu kuirudisha Kariakoo kwa nauli yako, umbali wa kilomita 450 hivi. Muuzaji akijibu swali la pili kwa kusifia kioo, nenda duka lingine.