Uzoefu wangu na uBlock Origin kwenye Firefox: kwa nini inakwama YouTube na namna ya kuirekebisha

Kwa kutazama YouTube kwenye kompyuta, sijaona kizuia matangazo kinachoifikia uBlock Origin ndani ya Firefox. Sharti lake ni moja: haitaki mwenzake. Tangu 2023, YouTube ilipoanza kutoa onyo kwamba video zitafungwa baada ya kutazama tatu, wengi wamejibu kwa kurundika vizuizi viwili vitatu kwenye kivinjari kimoja. Wanajiumiza wenyewe. uBlock hujitahidi isigundulike. Kizuizi cha pili hukata mawasiliano ovyo, ukurasa ukashtuka.

Onyo likitokea, zima vizuizi vingine vyote, hata kile kilichokuja na kivinjari. Futa vichujio (kanuni zinazoiambia uBlock nini cha kuzuia) ulivyonakili huku na kule. Kisha bofya alama ya gia kwenye uBlock, ingia penye orodha za vichujio, safisha kumbukumbu ya muda, halafu sasisha. Funga ukurasa wa video na uufungue upya, maana uliokwisha kufunguka bado unatumia vichujio vya zamani.

Kiduara kikizunguka sekunde kadhaa mwanzoni, kisha video ikatiririka vizuri hadi mwisho, usikimbilie kulaumu intaneti; huenda ni YouTube inayokuchelewesha kwa sababu ya kizuizi. Mtandao dhaifu ungeikwamisha katikati pia.

Kwenye Chrome mambo ni mengine. Ilipohamia Manifest V3, yaani kanuni mpya za viongezi vya kivinjari, uBlock Origin kamili iliachwa nje, ikabaki uBlock Origin Lite, toleo lake lililopunguzwa. Lite ni nyepesi na naipenda kwa tovuti za kawaida, lakini vichujio vyake huja vimefungashwa ndani ya toleo lenyewe. YouTube ikibadili msimbo leo, unasubiri toleo jipya.

Kwenye simu, achana na programu mbadala za kutazamia. Aprili 2024 YouTube ilitangaza kuzibana zile zinazozuia matangazo: video inasuasua, au unaambiwa haipatikani kwenye programu hiyo. Firefox ya Android inapokea uBlock kamili, ingawa ukizima skrini sauti nayo inakatika.

Jambo moja nalisisitiza kwa moyo wote: kwenye video ndefu, mtengenezaji hupata asilimia 55 ya mapato ya matangazo. Kwa mtengenezaji anayekufaa, ruhusu matangazo: shikilia Ctrl ukibofya kitufe kikubwa cha kuzimia cha uBlock, kisha pakia ukurasa upya. Inazimika kwenye ukurasa huo tu. Bila Ctrl, inazimika tovuti nzima.